Miezi Ambayo Midomo Yangu Ililala

Mtoto mmoja wa darasa langu alinichora kwa penseli nyekundu. Nafundisha darasa la kwanza katika shule ya msingi hapa Moshi, na asubuhi hiyo niliwaambia watoto wachore mtu wanayempenda. Huyu akaniletea karatasi huku akitabasamu. Alikuwa amenipa kichwa cha duara, heleni mbili kubwa, na mdomo uliozungukwa na mistari mirefu pande zote, kama watoto wanavyochora jua.

"Na hii ni nini?" nilimuuliza.

"Mdomo wako, mwalimu. Una miale."

Nilimpa vema na kumwandikia "Vizuri sana." Halafu nikaenda chooni kwa walimu, kwenye kioo kidogo kilichotundikwa juu ya sinki, nikajiangalia. Mtoto hakuwa amekosea. Nikikaza midomo, mistari ilikuwa pale juu, imesimama kama meno ya kitana.

Nilijua ilikotoka. Nimepuliza tarumbeta tangu nikiwa na miaka kumi na moja, na wakati huo nilikuwa na arobaini na saba. Kwetu ni Machame, na usharika wetu una kikundi cha matarumbeta tangu zamani. Baba ndiye aliyenifundisha. Kwa mwezi mzima wa kwanza hakuniruhusu hata kuishika tarumbeta. Alinikalisha juu ya ndoo karibu na banda la ng'ombe, akaniambia nibane midomo na kuitetemesha kwa pumzi tu, mpaka itoe mlio kama wa nyuki. Mama alilalamika kwamba ng'ombe atakataa kutoa maziwa. Baba akamjibu kwamba ng'ombe wa Mlutheri amezoea.

Mwaka ule wa mchoro, baba na mama walikuwa wanatimiza miaka hamsini ya ndoa. Ndugu wote walikuwa waje kwenye ibada ya shukrani. Baba hakutaka zawadi wala sherehe kubwa. Aliomba jambo moja: waingie kanisani kwa tarumbeta, kwa wimbo ule ule walioingia nao siku ya ndoa yao, na sauti ya kwanza niipige mimi.

Mimi nilikuwa nawaza picha. Nilijua wadogo zangu wangekuja na simu zao na kunipiga picha kila pembe, na picha zingesambaa kwenye kundi la familia kabla hatujamaliza kula. Nilimwonyesha mwalimu mwenzangu mdomo wangu. Yeye alikuwa amechomwa sindano za paji la uso, na paji lake lilikuwa limenyooka kama shuka iliyopigwa pasi.

"Hata mdomoni wanachoma," aliniambia. "Dakika kumi tu. Unarudi nyumbani unapika."

Sikumwambia mume wangu. Yeye ni mpishi wa wageni wanaopanda mlima, na wiki hizo mbili alikuwa huko juu. Nilijiambia kwamba akirudi atanikuta mpya, na tutacheka.

Chumba chenyewe kilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Dada aliyenihudumia alikuwa na adabu na mikono miepesi. Aliniuliza dawa ninazotumia, akaniuliza kama nina mimba, tukacheka wote wawili. Halafu akaniuliza swali ambalo nimelirudia kichwani mara nyingi kuliko lolote nililowahi kuulizwa na daktari.

"Mama, unaimba kwaya? Au unapuliza filimbi, chombo chochote cha kupuliza? Dawa hii inalegeza misuli. Kwa mtu anayetumia midomo yake kwa kazi hiyo, mimi humshauri asichome hapa."

Nilisema, "Hapana."

Nilisema haraka, kama mtu anayeulizwa mlangoni kama ametawadha miguu. Nilijua kabisa nikisema ndiyo atafunga kisanduku chake, nami nirudi nyumbani na miale yangu. Nilijiambia pia kwamba tarumbeta ni ya Jumapili tu, kwamba si kazi. Akanichoma sindano nne ndogo, mbili juu na mbili chini. Ziliuma kama kuumwa na siafu.

Siku tatu hakukuwa na kitu. Siku ya nne mistari ilianza kufifia, nikafurahi, nikajipiga picha nyingi nikiwa peke yangu jikoni. Siku ya sita nilikunywa chai asubuhi, na chai ikashuka kidevuni hadi kwenye blauzi. Nikafuta, nikanywa tena, ikashuka tena. Nilipojaribu kubana midomo kwenye ukingo wa kikombe, upande wa kushoto haukuja. Ulikaa tu pale, kama mtu aliyelala ukimwita.

Nilienda kazini hivyo hivyo. Asubuhi hiyo tulikuwa na silabi za herufi b. Niliandika ubaoni, nikashika fimbo ya kuonyeshea, nikawaambia wasome baada yangu.

Niliyoyasikia yakitoka kinywani mwangu yalikuwa, "Va, ve, vi, vo, vu."

Watoto zaidi ya arobaini waliniangalia. Wale ni watoto watiifu. Nilikuwa nimewafundisha mwenyewe kwamba watazame mdomo wa mwalimu na kuuiga. Basi wakauiga. Wote kwa pamoja walivuta midomo upande mmoja, wakaitikia kwa sauti kubwa, "Va, ve, vi, vo, vu!"

Hawakuwa wakinicheka. Hilo ndilo lililonimaliza. Niliwageuzia mgongo nikajifanya nafuta ubao, kumbe nilikuwa nafuta machozi, na udenda pia, maana nao ulikuwa umeanza kuchuruzika. Nikawaambia wachukue madaftari wanakili kimya kimya. Siku iliyofuata nilimwomba mwalimu wa darasa la pili anisaidie kusoma, nami nikamsimamia watoto wake wakati wa hesabu.

Jumamosi ilikuwa siku ya mazoezi ya tarumbeta. Nilipanda Machame nikiwa na matumaini ya kijinga kwamba labda kupuliza ni kitu kingine, kwamba midomo itakumbuka yenyewe. Tulisimama kwenye nafasi zetu kama kawaida, mimi mwisho kulia, na pembeni yangu yule mama anayeuza maziwa, ambaye amepiga sauti ya pili nami kwa zaidi ya miaka kumi. Kiongozi akahesabu. Nikavuta pumzi na kupuliza.

Haikutoka sauti. Ulitoka upepo tu, fyuu, kupitia upande wa kushoto wa mdomo, na mate yakaruka kwenye mkono wangu. Nikajaribu tena. Fyuu. Wenzangu wakashusha vyombo vyao mmoja mmoja.

"Jino," nilisema. "Niling'olewa jino."

Mama wa maziwa alinitazama mdomoni muda mrefu. Nilipokuwa nafunga mfuko wa tarumbeta alinisogelea na kusema polepole, "Nenda hospitali, dada. Shangazi yangu alianza hivyo hivyo. Kiharusi hakisubiri."

Kwa hiyo nilienda hospitali, si kwa kuogopa kiharusi, bali kwa sababu sikuweza kuwaacha watu wakiniombea kwa ugonjwa ambao sikuwa nao. Daktari alikuwa mwanamume wa makamo. Aliniambia niinue mikono, nifumbe macho, nitabasamu, nijaze mashavu upepo. Mashavu hayakukaa na upepo. Akaniuliza nimefanya nini, nikamweleza yote, pamoja na lile "Hapana."

Hakunigombeza. Aliniambia kwamba dawa ile huzuia neva zisiufikie msuli, na kwamba kwangu upande mmoja ulipata zaidi kuliko mwingine. Hakuna dawa ya kuirudisha. Nisisugue, nisikubali mtu anichome tena kwa kisingizio cha kusawazisha, nile vitu laini, ninywe kwa vifundo vidogo, na iwapo nitaanza kupata shida ya kumeza au kupumua nirudi mbio siku hiyo hiyo.

"Itarudi lini?"

"Wengi miezi miwili hadi mitatu."

Ibada ilikuwa imebakiza siku kumi na mbili.

Mume wangu alishuka mlimani kesho yake, ananukia moshi na mafuta ya kukaangia kama siku zote. Nilimpokea mlangoni nikiwa nimejifunika mdomo kwa kanga. Akacheka akidhani ni mzaha, akaishusha kanga kwa kidole kimoja. Kicheko kikaisha. Alinishika uso kwa mikono yote miwili, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Nani amekupiga?"

"Hakuna aliyeniviga," nilisema, na kwa kusikia neno lilivyotoka nikaanza kulia.

Nilimweleza tukiwa tumekaa sakafuni, mgongo umeegemea kitanda, mzigo wake ukiwa bado umefungwa. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea aniulize kwa nini sikumwambia. Badala yake aliuliza, "Umekula?"

Nilikuwa nimeishi kwa uji siku nne. Aliamka, akatafuta ndizi, akamenya na kuchemsha na nyama, akazisaga kwa mwiko mpaka mtori ukawa laini kabisa. Akauacha upoe. Alichukua kijiko kidogo, kile cha chai, akanionyesha: weka upande wa kulia, inua kidevu kidogo, funga kwa kidole. Alisema huwa anawalisha hivyo wageni waliozidiwa na hewa ya huko juu, wanaotetemeka mpaka kijiko hakikai mdomoni. Chini ya kidevu changu alishika kitambaa. Tulimaliza bakuli zima.

Baadaye akaniambia, "Utaenda kumwambia mzee mwenyewe. Mimi nitakusindikiza mpaka getini."

"Ninwanvie nini?"

"Mwambie kama ulivyoniambia mimi. Hivyo hivyo, na hayo maneno yaliyopinda."

Njiani kuelekea kihambani kwetu, kwenye shamba la ukoo, pale ua unapoanza, kuna mmea wa sale. Kwetu mtu akitaka msamaha mzito hupeleka jani la sale, na anayepelekewa hawezi kukataa. Nilisimama nikalishika jani moja. Mume wangu akasema, "Utamtisha. Atadhani umeua mtu." Nikaliacha. Yeye akabaki getini akiongea na jirani, nami nikaingia.

Baba alikuwa bandani, anamkatia ng'ombe migomba kwa panga. Ana miaka sabini na minane na hataki kusaidiwa kazi hiyo.

"Shikanoo, vava."

"Marahaba." Akainua kichwa. Panga likashuka taratibu. "Una nini wewe?"

Nikamwambia. Ilichukua muda, maana maneno yote ya b na p na m ilibidi niyazunguke, na kila nilipokwama alisubiri. Nilimwambia kuhusu upepo wa mazoezini, kioo, sindano, na swali la yule dada. Nilipofika kwenye jibu langu, aligeuka akaendelea kukata. Alikata mgomba mzima, akaurusha horini kipande kwa kipande. Ng'ombe akala. Mimi nikasimama.

"Ulimwambia hupulizi," alisema hatimaye, bila kunitazama.

"Ndiyo, vava."

"Miaka thelathini na kitu. Ukamwambia hupulizi."

Hakuinua sauti. Nilitamani angeinua. Alifuta panga kwa jani la mgomba, akalichomeka kwenye ukuta, akaenda kukaa kwenye benchi nje ya jiko. Sikujua kama nimfuate au niondoke. Nikamfuata.

Alikaa akitazama mibuni. Kisha akafungua mdomo, akanionyesha kwa kidole mahali ambapo meno ya mbele yalikuwa.

"Haya yalitoka ukiwa kidato cha pili. Unakumbuka?"

Nilitikisa kichwa kukubali.

"Bila meno haya, huwezi kubana. Nilijua siku ile ile. Nikaenda mazoezini, nikajaribu, ikatoka kama hiyo yako. Upepo. Nikaogopa kuwaambia. Mimi ndiye niliyekuwa namshika kila mtu pale nikimfundisha. Kwa hiyo nikawa nasimama kwenye nafasi yangu, naiweka mdomoni, najaza mashavu, nachezesha vidole. Mwaka mzima. Krismasi, Pasaka, mazishi, ndoa za watu."

"Lakini nilikuwa nakusikia," nilisema. "Nilikuwa karivu yako."

"Ulikuwa unajisikia mwenyewe. Ni wewe uliyekuwa unapiga."

Nilikumbuka mwaka ule. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na sita, nimesimama begani kwa baba, nikisikia sauti ya kwanza ikipaa mpaka kwenye mabati ya kanisa, na nikijisemea kwamba siku moja nitapiga kama yeye.

"Mama yako ndiye aliyenimaliza," akaendelea. "Jumapili moja tukiwa tunarudi akaniambia, 'Leo umepiga vizuri sana, nimeona mashavu.' Wiki iliyofuata nikamkabidhi kiongozi nafasi yangu." Alinipiga gotini kwa kiganja chake kigumu. "Wewe umekuja siku kumi kabla. Mimi nilichukua mwaka. Umenishinda."

Mama alitoka jikoni na chai ya maziwa. Kumbe alikuwa amesikia yote. Alinitazama, akanigusa pembe ya mdomo kwa kidole gumba, pale palipolala, akafuta udenda kana kwamba nina miezi sita.

"Inauma?"

"Haiuni."

"Basi. Angalau sasa utakula polepole." Kisha akarudi ndani akaniletea kikombe cha plastiki, chenye mdomo mpana.

Nilirudi mazoezini Jumamosi na kuwaambia wenzangu ukweli kuhusu jino. Kiongozi alishika kichwa. Mama wa maziwa alicheka mpaka akakaa chini, na kicheko chake kikawafungua wengine, na mimi nikacheka nao kwa upande mmoja. Nikamkabidhi karatasi zangu za sauti ya kwanza. Alikataa, akasema hajazoea kuwa mbele. Nikamwambia ninaijua sauti yake miaka yote hii, na kwamba pale kwenye mstari wa tatu avute pumzi mapema. Tulikaa naye baada ya wengine kuondoka. Nilimwonyesha kwa mikono, kwa kuwa mdomo ulikuwa haufai.

Siku ya ibada, kwa kuwa sikuwa na kazi, mama akasema nitembee nao. Kwa hiyo niliingia kanisani nikiwa hatua moja nyuma ya wazazi wangu. Ndoa zote nilizopigia, sijawahi kuona watu wakiingia. Huwa naona karatasi na kidole cha kiongozi. Safari hii niliona. Niliona mkono wa mama ukiishika mkunjo wa koti la baba. Niliona shingo ya baba, iliyonyolewa vizuri asubuhi hiyo na mume wangu. Tarumbeta zilipoanza, baba alisimama kidogo, watu wakadhani amechoka. Nilisogea nimshike. Kumbe midomo yake ilikuwa inatetemeka kwa mpangilio, anapiga sauti ya kwanza bila chombo, vidole vinacheza kwenye mshono wa suruali. Mama akamfinya. Akaendelea kutembea.

Mama wa maziwa alivuta pumzi mapema pale kwenye mstari wa tatu, na sauti ikapaa bila kukatika.

Picha zilipigwa, nyingi, kama nilivyojua. Kwenye zote mdomo wangu umekwenda kulia na kushoto umebaki. Kwenye ile ambayo mama aliichagua kuitundika sebuleni nacheka kabisa, kitambaa kikiwa mkononi. Niliomba ibadilishwe, akakataa, akasema ndiyo peke yake ambayo baba hajafumba macho.

Midomo ilirudi polepole. Kwanza nilitambua nimemaliza chai bila kujifuta. Wiki kadhaa baadaye nilisema "baba" kwenye simu nikasikia akimwita mama aje asikilize. Katika wiki ya kumi na moja, nikiwa jikoni na mume wangu akikata vitunguu, nilibana midomo na kuitetemesha. Ilitoa mlio mdogo, mbovu, wa sekunde mbili hivi. Mume wangu akaweka kisu chini.

"Tena," alisema.

Nikarudia mpaka midomo ikawasha. Na mistari nayo ikarudi, yote, pamoja na mmoja ambao sikuwa naukumbuka.

Nilipokuwa tayari kurudi kwenye kikundi, mama wa maziwa alinyanyua karatasi za sauti ya kwanza na kunipa. Nilikuwa nimemsikiliza Jumapili nyingi nikiwa nimekaa benchi moja na baba. Ana pumzi ndefu kuliko yangu, na hapigi kwa haraka. Nikamrudishia, nikasimama kushoto kwake na kumwomba karatasi za sauti ya pili. Hadi leo naisoma kwa shida, maana mwandiko wake wa penseli ni mbaya, na kila baada ya mistari miwili inabidi nimwulize ameandika nini.